Fimbo ya Biliadi Hupanda Ndege Ikiwa Vipande Viwili

Mchezaji wa biliadi wa Kolwezi, Kongo, aliyealikwa kucheza Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ana safari mbili ndani ya moja. Ya kwanza ni ya barabara, takriban kilomita 300 kupitia Fungurume na Likasi hadi Lubumbashi, nyuma ya malori yaliyosheheni shaba na kobalti, vumbi la kiangazi likipenya kila upenyo. Ya pili ni ya angani, kutoka uwanja wa Luano, ambako Kenya Airways na Ethiopian Airlines huchukua abiria kwenda Nairobi na Addis Ababa. Safari zote mbili huwa na hofu moja kwa mtu huyu, nayo ni fimbo yake.

Asiyecheza huuliza: kwani huko aendako hakuna fimbo? Zipo, zimeegemezwa ukutani kama zilivyoegemezwa katika baa za Manika na Dilala mjini Kolwezi, na nyingi zimepinda vilevile. Tatizo ni kwamba katika mchezo huu karibu kila kitu kingine kimesawazishwa duniani kote. Mipira ya pool ya kimashindano ina kipenyo cha milimita 57 na ziada kidogo, na mingi ya ile bora hutoka kiwanda cha Saluc katika kijiji cha Callenelle, Ubelgiji, kwa jina la Aramith. Kitambaa kizuri cha meza nacho huenda kimetoka kwa Iwan Simonis, kampuni nyingine ya Ubelgiji iliyoanza kufuma mwaka 1680. Mchezaji akikuta meza ya namna hiyo Nairobi au Brussels, mipira itakimbia kwa namna anayoweza kuitabiri baada ya dakika chache. Fimbo ndiyo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Uzito wake, upana wa ncha, mahali mizani inapoangukia, jinsi ngozi ya ncha ilivyochongwa: mkono umezoea hayo yote kwa miaka, na hauzoei mengine kwa usiku mmoja.

Stephen Hendry wa Scotland anajua gharama ya jambo hili. Kati ya 1990 na 1999 alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 7, na mataji hayo yote aliyapata kwa fimbo moja aliyokuwa nayo tangu ujana wake, fimbo ya bei ndogo ambayo mtaalamu asingeitazama mara ya pili dukani. Mwaka 2003 fimbo hiyo ilivunjika ikiwa kwenye mizigo ya ndege. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuagiza fimbo yoyote duniani alijikuta anaanza upya kuufundisha mkono wake. Kama lilimpata yeye, kijana wa Kolwezi aliyejinyima miezi kadhaa ili anunue fimbo yake ana kila sababu ya kujiandaa mapema.

Swali la kwanza ambalo wachezaji huulizana ni kama fimbo inaweza kuingia ndani pamoja na abiria. Jibu hutegemea nchi, na hapo ndipo wengi hukwama. Marekani fimbo ya biliadi hairuhusiwi kabisa kwenye mkoba wa mkononi. Lazima iende chini na mizigo. Mwezi Machi 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, TSA, ilitangaza kwamba ingeruhusu visu vidogo, magongo ya hoki na fimbo za biliadi kuingia kabini kuanzia tarehe 25 Aprili. Wahudumu wa ndege walipinga vikali kupitia vyama vyao, utekelezaji ukaahirishwa, na mwezi Juni mwaka huohuo mpango mzima ukafutwa. Orodha ya serikali ya Uingereza kwa upande wake inaruhusu fimbo ya snuka au ya pool kabini. Kanuni za Umoja wa Ulaya hupiga marufuku vitu butu vinavyoweza kumjeruhi mtu vibaya vikitumiwa kumpiga, zikitaja magongo ya besiboli na rungu kama mifano, na hapo afisa aliye kwenye mashine ndiye huamua fimbo yako iko upande gani.

Kwa anayeanzia Luano na kubadilisha ndege njiani, maana yake ni moja. Unaweza kupita ukaguzi wa kwanza kwa tabasamu, kisha ukazuiwa unapokaguliwa tena kabla ya ndege ya pili, wakati begi lako kubwa limekwishatangulia na huna tena pa kuiweka fimbo. Hapo utachagua kati ya kuiacha na kuikosa ndege. Kwa hiyo, hata pale unapoambiwa kwamba kabini inaruhusiwa, ipeleke chini. Najua wapo wachezaji ambao moyo hauwaruhusu kuachana na fimbo hata kwa saa tatu, nami nawaelewa, lakini fimbo iliyofungwa vizuri chini ina nafasi kubwa ya kufika kuliko fimbo inayotegemea hisani ya mkaguzi.

Betri zina kanuni iliyo kinyume chake, na watu wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, wana haki ya kuifahamu kuliko wengine wote, maana Kongo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea betri, na sehemu kubwa yake hutoka katika mkoa huu. Betri za akiba za lithiamu na pawabenki hukatazwa kwenye mizigo ya chini. Lazima ziwe na abiria kabini, kwa sababu zikishika moto huko juu kuna mtu wa kuzizima. Mchezaji anayefunga kila kitu katika sanduku moja, pawabenki ikiwa imechomekwa kando ya chaki na glavu, atajikuta anaitwa kulifungua mbele ya watu, au sanduku litaachwa nyuma. Kifaa kidogo cha kufuatilia mzigo kinachotumia betri ya kidonge, kama ile ya saa, kinakubalika chini, nacho ni msaada mkubwa: ukitua Dar es Salaam unatazama simu na kujua kama fimbo imetua nawe au bado iko Addis Ababa.

Sasa tuje kwenye vipimo. Fimbo ya pool ina urefu wa karibu sentimita 147 na uzito wa kati ya gramu 500 na 600. Iliyo nzuri kwa msafiri ni ile inayofunguka katikati, ikawa vipande viwili vya sentimita 74 hivi. Mashirika mengi hupokea kama mzigo wa kawaida kitu ambacho urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa havizidi sentimita 158. Kasha la sentimita 85 kwa 11 kwa 11 lina jumla ya 107, kwa hiyo halina tatizo. Fimbo ya snuka isiyofunguka, ikiwekwa kwenye bomba la sentimita 150, inavuka kikomo hata kabla ya kuanza kubishana, na itapelekwa dirisha la mizigo isiyo ya kawaida, mara nyingi kwa malipo ya ziada. Ile ya snuka inayofunguka kwenye robo ya mwisho karibu na kitako huacha kipande kirefu cha takriban sentimita 110. Hiyo bado inaingia ndani ya kikomo, lakini haiingii katika sanduku la nguo, na hilo ni upungufu mkubwa kwa sababu nitakayoieleza.

Kasha linalouzwa madukani, gumu, lenye sponji na matundu ya kila kipande, ndilo bora. Kwa wasiolipata, mji wa migodi haukosi bomba. Bomba la plastiki la maji, lile nene la PVC lenye kipenyo cha milimita 110, likikatwa sentimita 85 na kutandikwa sponji ndani, hustahimili kurushwa na kurundikiwa mizigo kuliko mikoba mingi ya ngozi bandia inayouzwa kwa bei kubwa. Kila kipande cha fimbo kivikwe soksi nene au kifuko cha kitambaa ili visigongane. Mahali pa kiungio, penye skrubu, pavikwe kofia zake; hapo ndipo mbao hupasuka kwa urahisi, maana pigo la mwisho wa bomba huishia kwenye chuma na chuma husukuma mbao. Ujaze pengo la juu na la chini kwa kitambaa mpaka ukitikisa bomba usisikie chochote.

Jambo moja kuhusu bomba la kujitengenezea nalisisitiza kwa uzito. Usizibe ncha zake kwa gundi. Weka vifuniko vya kufungua kwa mkono. Bomba la plastiki lililozibwa pande zote, lenye vyuma ndani, likionekana kwenye eksirei litamshtua afisa yeyote wa usalama mahali popote duniani, na ana wajibu wa kushtuka. Likifunguka kwa sekunde tano, mambo huishia hapo. Likihitaji msumeno, huenda usiione tena fimbo yako, na pengine ndege nayo ikakuacha. Andika kwa kalamu ya wino usiofutika, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwamba ndani mna fimbo ya biliadi, pamoja na jina na simu yako.

Kisha kasha lote liingie ndani ya sanduku la nguo. Hii ndiyo sababu ya kupenda fimbo inayofunguka katikati. Sanduku kubwa lina mlalo wa kutosha kulipokea kasha la sentimita 85 likilazwa kona kwa kona. Pima lako kabla ya kukata bomba. Nguo huwa mto pande zote, kasha refu jeusi halionekani na macho yanayotafuta cha thamani, wala halifanani tena na mfuko wa bunduki. Katika nchi yetu hilo la mwisho si dogo. Kati ya Kolwezi na Lubumbashi kuna vizuizi, na uwanjani kuna DGM ya uhamiaji, kuna watu wa RVA wanaosimamia viwanja vya ndege, kuna wakaguzi wengine kadhaa. Mtu aliyebeba mfuko mrefu mwembamba begani hujieleza mara nyingi kuliko mwenye sanduku.

Kuvunjika, hata hivyo, ni hatari inayoonekana kirahisi. Hatari ya kimya ni maji. Kipande cha mbele cha fimbo nyingi za pool ni mbao ya maple ya Amerika Kaskazini, na za snuka mara nyingi ni mbao ya ash. Mbao hizo, hata baada ya miaka ishirini mkononi, zinaendelea kunywa na kutoa unyevu kufuatana na hewa inayozizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia ikiwa na maji karibu asilimia 9 ya uzito wake. Unyevu wa hewa ukipanda hadi 80, maji ndani ya mbao hufika kama 16. Mbao ikinywa hunenepa kwa upana na karibu hairefuki kabisa. Upande mmoja ukinywa zaidi ya mwingine, fimbo hupinda.

Sasa mtazame mchezaji wetu. Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai hewa yake ni kavu kiasi cha kupasua midomo. Anatua Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ya bahari ni nzito mwaka mzima. Katikati, fimbo imekaa saa kadhaa katika tumbo la ndege, ambako mgandamizo wa hewa ni sawa na wa kabini lakini baridi ni kali zaidi. Akifungua kasha pale pale penye mikanda ya mizigo ili ajiridhishe, mbao baridi inakutana na hewa ya joto yenye maji, na umande hutua juu yake. Anachopaswa kufanya ni kulitazama kasha kwa nje tu kama lina ufa au pigo, kulipeleka chumbani, na kuliacha limefungwa saa kadhaa mpaka joto la ndani lilingane na la nje. Baada ya hapo fimbo itolewe, ifutwe kwa kitambaa kikavu, ilazwe sehemu tambarare au isimamishwe wima kabisa. Isiegemezwe ukutani. Isiwekwe mbele ya kiyoyozi.

Kabla ya safari, nta nyembamba kwenye kipande cha mbele hupunguza kasi ya mbao kunywa. Haizuii, inachelewesha, na kucheleweshwa kunatosha kwa mashindano ya siku nne. Vifuko vidogo vya chembe za kufyonza unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya, vinasaidia ndani ya kasha ukitoka mahali pa mvua. Ukitoka Kolwezi wakati wa kiangazi huvihitaji. Fimbo yako tayari ni kavu na kazi yako ni kuifanya inywe polepole. Siku hizi zipo fimbo zenye kipande cha mbele cha nyuzi za kaboni ambazo hazijali unyevu hata kidogo. Ni ghali, na wengine hawapendi sauti zake zinapogonga mpira. Mwenye kuziweza, kwa safari ni neema.

Barabarani, adui ni joto. Gari lililofungwa na kuachwa juani Likasi wakati abiria wanakula linaweza kupita nyuzi 50 ndani, na gundi inayoshika ncha, kiungio na mapambo ya kitako haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Shuka na fimbo. Na ngozi za ncha za akiba zibebe kutoka nyumbani, maana ni nyepesi. Gundi ya kuzibandika inunue ufikako, kwa sababu aina nyingi za gundi hushika moto na ndege hazizitaki. Kisu cha kuchongea ncha kiende chini pamoja na fimbo. Chaki pekee ndiyo unaweza kuiweka mfukoni bila wasiwasi.

Wenye fimbo za zamani wana kazi ya ziada. Zamani kipete cheupe kilicho chini ya ngozi ya ncha kilitengenezwa kwa pembe za ndovu, na vitako vilipambwa kwa pembe hizo. Tangu tembo wa Afrika wawekwe katika daraja la juu la ulinzi la mkataba wa CITES mwaka 1989, kuvuka mpaka na kitu kama hicho bila kibali ni kujitafutia kesi, hata kama ulirithi kutoka kwa babu aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi ya Union Minière. Mbao nazo zimo. Miti yote ya jamii ya mpingo iliingizwa katika udhibiti wa mkataba huo mwaka 2017, na mukula, mti mwekundu ambao watu wa Katanga wameuona ukipakiwa kwenye malori kwa maelfu ya magogo, ukafuata mwaka 2019. Fimbo moja yenye pambo la mpingo ni uzito mdogo na kwa kawaida haileti shida, lakini fundi anayetaka kuchonga vitako vya mukula na kuviuza ng'ambo aulize kwanza.

Beba risiti ya fimbo, au angalau picha zake ulizopiga nyumbani zikionyesha tarehe, alama na nambari. Zina kazi mbili. Ukirudi, zinaonyesha forodha kwamba ulitoka nayo na hukuinunua huko. Na ikivunjika, ndizo ushahidi wako.

Katika safari za kimataifa kati ya nchi zilizouridhia Mkataba wa Montreal wa 1999, shirika la ndege hubeba dhamana ya mzigo ulioharibika, kupotea au kuchelewa. Kikomo tangu mwisho wa Desemba 2024 ni vipimo 1,519 vya fedha maalumu ya IMF, ambavyo ni karibu dola 2,000 za Marekani. Mzigo ulioharibika lazima ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Uliochelewa, ndani ya siku 21. Wengi hupoteza haki yao kwa kutoka nje ya uwanja kwanza. Ukiliona kasha limepasuka kwa nje, nenda dawati la mizigo kabla hujavuka mlango, lifungue pamoja na mhudumu, na udai karatasi ya taarifa yenye nambari. Hapo tu ndipo ninaporuhusu fimbo ifunguliwe uwanjani, umande au hakuna umande. Mwenye fimbo inayozidi thamani hiyo anaweza kutangaza thamani yake kaunta anapokabidhi mzigo na kulipa ziada, jambo ambalo mkataba unaliruhusu na ambalo karibu hakuna anayelitumia.

Iko siku moja tu ambayo maagizo yote haya hayana maana, nayo ni siku ya ajali. Tarehe 17 Novemba 2025 ndege aina ya Embraer iliyombeba waziri wa madini, Louis Watum, ilitoka nje ya njia yake ilipotua Kolwezi na kuwaka moto. Waliokuwamo walitoka hai kwa sababu walitoka haraka. Anayeambiwa atoke katika ndege aache kila kitu, hata kama juu ya kichwa chake kuna mkoba wenye fimbo ya miaka ishirini.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa klabu, maana mambo haya hayapaswi kuachwa kwa kijana mmoja na nauli yake. Fimbo nane za timu hazifiki kilo 5. Sanduku gumu la pamoja, lenye matundu manane na kufuli, litabaki chini ya kilo 23 hata likiongezwa chaki, ngozi na glavu za wote, na gharama yake ikigawanywa ni ndogo kwa kila mmoja. Ila msinunue moja. Nunueni mawili, fimbo nne katika kila sanduku, na msiwaweke wachezaji wenu wawili bora katika sanduku moja. Likibaki moja Addis Ababa, timu bado ina watu wanne walio na fimbo zao, na mechi ya kwanza inaweza kuanza.